Somo la Mguu Uliooza

"Nuseni kwanza," alisema Msumeno. "Macho baadaye."

Wanafunzi wa udaktari walikuwa wamejipanga miguuni pa kitanda cha dirishani, na hakuna aliyetaka kuvuta pumzi. Shuka lilikuwa limefunuliwa hadi gotini. Mguu wa kulia haukuhitaji kutafutwa kwa pua: vidole viwili vyeusi kama mkaa, unyayo umevimba na kulowa, malengelenge ya maji ya kahawia yamepanda hadi kwenye kifundo.

Msumeno alikuwa amewatangulia, kama kawaida yake. Walimkuta kichwani pa kitanda, miwani puani, koti jeupe limefungwa vifungo vyote. Jina hilo alipewa na hospitali nzima, kwa kuwa hakuna mpasuaji aliyekata miguu mingi kama yeye, na hakuna aliyekuwa na ulimi unaokata vibaya kama wake. Wagonjwa waliochelewa kuja hospitali aliwadharau waziwazi. Aliwaambia usoni kwamba wameyataka wenyewe.

"Mlingoti," alimwita kijana mrefu aliyejificha nyuma ya wenzake. "Hiki ni nini?"

Mlingoti akajibu kwamba ni gangrini, nyama iliyokufa kwa kukosa damu.

"Hata mfagiaji anajua hivyo. Kavu au ya majimaji?"

Kijana akababaika. Msumeno alimwacha ababaike mpaka masikio yakamwiva, kisha akaeleza mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kulisha watoto wa wengine. Ya kavu huja polepole: mishipa inaziba, kidole kinasinyaa na kuwa cheusi, na mpaka kati ya kilicho hai na kilichokufa unaonekana kama umechorwa. Ya majimaji ina vijidudu ndani, na haimngoji mtu. Inavimba, inanuka, inapanda, na sumu yake ikishaingia kwenye damu, mguu si tatizo tena.

"Huyu alianza na ya kavu," akasema. "Nafasi alikuwa nayo. Ana kisukari cha miaka mingi, miguu haina hisia. Kiatu kipya kikamchubua, hakusikia kitu. Kidole kikabadilika rangi. Mnadhani alifanya nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Alinunua soksi nyeusi. Akazijaza poda, akajipulizia manukato, akaendelea kwenda kazini. Angekuwa na mbuzi mwenye kidonda kama hiki, angemwita daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Andikeni: ugonjwa huu una sababu mbili, damu kutofika mguuni na akili kutofika kichwani."

Siku nyingine utani wake ulichekwa, hata na wale uliowachoma. Asubuhi hiyo kalamu zilisogea tu kwenye karatasi.

Akamwamuru Bibi Harusi auchunguze mguu. Huyo alikuwa msichana ambaye siku moja alichelewa darasani akiwa amesuka nywele vizuri, na jina likamganda tangu hapo. Msumeno mwenyewe hakuugusa. Bibi Harusi akavaa glavu, akabonyeza, akatafuta mapigo juu ya unyayo, akayakosa. Akasema pia, bila kuulizwa, kwamba wekundu ulikuwa umeshauvuka mstari wa wino ambao muuguzi aliuchora alfajiri kwenye muundi. Sauti ilimtetemeka.

"Unamlilia nani?" Msumeno akauliza. "Wewe ungekatia wapi?"

"Chini ya goti, mwalimu. Leo."

"Mgonjwa amekataa tangu jana. Anasema dawa ipewe muda."

Bibi Harusi akatazama glavu zake. "Dawa haiwezi kufika mahali ambapo damu haifiki," akasema. "Akikataa atakufa. Anajua mwenyewe."

Msumeno akavua miwani, akajifuta jasho kwa mkono wa koti, ingawa dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwa wa baridi. Tangu wamjue, hakuwahi kukosa neno la kumtia mwanafunzi aibu. Safari hii alilitafuta na hakulipata.

"Basi akatwe," akasema mwishowe. "Waambieni chumba cha upasuaji wajiandae. Na msimwonee huruma. Mjinga wa kiwango hiki hastahili huruma ya mtu."

Mlingoti akatoka mbio kupeleka ujumbe, na ilionekana wazi kwamba alifurahi kupata sababu ya kutoka.

Lakini dharau ya Msumeno ilikuwa haijaisha, na sasa ilitafuta pa kutua. Akageuza shingo kumtazama mke wa mgonjwa. Mama huyo alikuwa amekaa kimya kwenye kiti cha plastiki chini ya dirisha, mkoba mapajani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wanafunzi walikuwa wamemwamkia kwa heshima walipoingia, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumtazama tena.

"Na huyu mama," akawaambia, "muulizeni. Mguu unaoza ndani ya nyumba yake, kwenye mashuka yake mwenyewe. Pua anayo. Alikuwa wapi?"

Wanafunzi wakainamisha vichwa. Bibi Harusi akawa anavua glavu zake kidole kimoja kimoja, kama kazi hiyo ilihitaji akili zake zote.

Mama akaweka mkoba sakafuni, akasimama, akalivuta shuka taratibu mpaka likaufunika ule mguu.

"Nilikuwa nje ya mlango wa bafu, baba watoto," akamwambia Msumeno. "Nikikuomba unifungulie."