Alinichoma

Salha aliingia kwa mdogo wake bila hodi, mkono mmoja ameshika kitabu, mkono wa pili pasi ya mkaa inayofuka moshi.

"Soma!" Akamtupia Mbwana kitabu usoni. Pua ikachuruzika damu.

Kitabu kilikuwa cha Mbwana mwenyewe, tawasifu iliyompa sifa mji mzima. Mbwana alisoma kwa sauti pale ukurasa ulipokunjwa: "Dada alinichoma kwa pasi begani."

Salha alivuta kanga, bega likabaki wazi. Kovu lilikuwa pale, limekunjamana, lina ncha kama pasi yenyewe.

"Ulitakiwa uandike 'nilimchoma.' Umebadilisha silabi mbili tu, mimi nimekuwa shetani. Mke wa mwanangu amekisoma. Hanipi tena mjukuu nimpakate."

"Dada, hiyo ni sanaa. Nilihitaji msomaji anionee huruma."

Pasi ilitua kwenye mkono wa kiti, kitambaa kikaungua kando ya kiwiko cha Mbwana.

"Vua shati! Leo kitabu chako kitakuwa cha kweli."

Salha alitarajia mdogo wake atalia, atapiga magoti, ataomba radhi. Mbwana alifuta damu, akafungua vifungo taratibu, akamgeuzia bega. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Salha aliinama amsikie.

"Dada alinichoma," alikuwa ananong'ona, kama mtu anayeonja mchuzi. "Dada alinichoma..."

Mkono wa Salha uliganda. Pasi ikabaki hewani katikati yao, ikidondosha majivu ya moto juu ya bega lisilo na alama.