Jina la Kumi na Mbili

Sheria ilimlazimu kila mtangazaji wa redio ya jamii kumvalisha ndugu yake mmoja bangili ya umeme. Kila jina la mgomaji aliyeuawa lilipotajwa hewani, bangili ilimchoma ndugu huyo. Ya Mbeneka aliivaa mumewe, Kisilu.

Asubuhi hiyo Mbeneka alisoma majina ya wafanyakazi wa kiwanda cha saruji waliopigwa risasi langoni. Aliporudi nyumbani alimkuta Kisilu sakafuni, mkono umeungua, damu ikimtoka mdomoni.

“Umesoma kumi na moja,” Kisilu alisema. “Waliokufa ni kumi na wawili.”

“Nilikuonea huruma, Baba Mutheu.”

“Na mama wa huyo wa kumi na mbili, aliyekuwa akilisubiri jina la mwanawe?”

Mbeneka alimfunga kidonda kwa leso, akarudi studio. Kisilu akaongeza sauti ya redio, kisha akang'ata taulo.