Mkia wa Kima

Jumatatu asubuhi, Kobe mwenye studio ya katuni alimwachisha kazi Kinyonga, mchoraji wake. Kinyonga alichora kila hatua kwa mkono, na filamu moja ilimchukua msimu mzima. Nafasi yake ilichukuliwa na Kima, aliyevaa suti ya vifungo vya kunasa mwendo. Akiruka yeye, katuni kwenye skrini nayo inaruka.

"Pole, dada," Kima alisema, akikalia meza ya Kinyonga. "Wewe bado unauwaza mruko, mimi nimesharuka."

Kinyonga alikusanya penseli zake. Kazi nyingine hakuijua.

Jumatano Kobe alimwita Kima. "Miruko yako yote imo ndani ya mashine, mwanangu. Nenda salama."

Kesho yake filamu ilijaribiwa mbele ya watoto. Katuni iliruka vizuri, lakini mkia ulining'inia kama kamba. Watoto wakauliza kama ni mgonjwa. Kobe alikuwa ameshona suti kwa kujipima mwenyewe, mwenye kimkia kifupi, na mkiani hakuweka kifungo hata kimoja. Kushona nyingine, kwa mwendo wake, kungemaliza mwaka.

Akamfuata Kinyonga nyumbani. "Nichoree mkia tu, mama."

"Nitachora, mzee. Ila wangu hujikunja, haurushwi kama wa Kima. Naye arudi kazini, akae mbele yangu nimtazame."

Ijumaa Kima alikalia meza ileile, safari hii akirusha mkia.

"Dada, usiufanye mwembamba."

"Rudia tena, mdogo wangu," Kinyonga alisema, akaanza kuchora.