Simu Iliyokumbuka

Simu ya Kuruthumu ililia kwa ujumbe, ikalia tena, mfululizo, huku mikono yake ikiwa imezama kwenye nywele za mteja.

"Shoga, leo umejiunga bando nini?" mteja akamtania.

Hakuwa amejiunga. Tangu amtoroke mumewe, miezi mitatu sasa, alikuwa amebadilisha mji, laini, hata jina analoitwa hapa saluni. Simu tu ndiyo hakuibadilisha.

Akaitazama. Ilikuwa imeshika waifai iitwayo Kwa Mashaka, ile ya kisanduku kidogo ambacho mumewe hutembea nacho mfukoni. Haikumuuliza neno la siri. Ilikuwa nalo tangu kule nyumbani, na iliposikia jina lile ikaitika yenyewe. Na waifai ile, Kuruthumu alijua, kule nyumbani ilikuwa ikikata mtu akitoka ndani na kufika tu getini.

"Mbona umeacha kusuka?"

"Nisubiri kidogo, dada."

Alama ya waifai ilikuwa na mstari mmoja. Ukaongezeka wa pili. Kuruthumu akaibana simu magotini, msuko bado mkononi, akalikodolea macho pazia la mlangoni.

Magotini, mstari wa tatu ukajaa.