Kituo cha Darasa la Kwanza

Gundi ilikuwa bado mbichi vidoleni mwa mwalimu wa darasa la kwanza, msimamizi wa kituo cha kura, askari alipompokonya fomu ya matokeo kabla hajaibandika mlangoni.

"Jeshi limeshika nchi, Mwalimu. Kura zenu si kitu tena."

Mwalimu akachukua chaki. Akaandika ubaoni kura za kila mgombea, kubwa kubwa, kwa mwandiko ule ule ambao nusu ya watu waliojazana madirishani walijifunzia kusoma.

"Wote pamoja! Wa kwanza?"

"Mia tatu na kumi na mbili!"

"Sisikii! Nyie wa nyuma hamjala leo?"

"MIA TATU NA KUMI NA MBILI!"

"Wa pili?"

"TISINI NA SABA!"

Babu mmoja alinyoosha kidole, akitaka kurudia peke yake. Vicheko vikalipuka mpaka barabarani.

Askari akaufuta ubao kwa mkono wa shati, vumbi la chaki likamjaa kifuani.

"Haya, kiko wapi sasa?" akafoka.

Mwalimu akamtazama kama mtoto aliyechelewa shule, kisha akawageukia watu.

"Darasa! Sasa bila kutazama ubaoni."