Mapengo Yaliyobaki

"Umeacha mapengo. Rudia."

Ilikuwa mara ya tano mkaguzi kumrudishia Tumsifu kazi yake. Mtandaoni mkaguzi huyo alijulikana kwa herufi mbili na namba. Nchi yake haikujulikana. Waliandikiana Kiingereza cha kazi, kile kisicho na kabila.

Tumsifu, ofisa wa kompyuta aliyeletwa Bariadi kutoka Moshi, alijitolea kurekebisha kiini cha mfumo endeshi, sehemu inayolinda nywila. Kosa lilikuwa moja: programu ikimaliza kutumia kumbukumbu, nyingine ilipewa ileile bila kufutwa, siri za ile ya kwanza zikiwa bado ndani.

"Nimejaza kila nafasi," aliandika.

"Umejaza zenye majina. Baiti za katikati umemwachia nani? Gunia la pamba hukung'utwa lote kabla ya kupewa mkulima mwingine."

Wanakolima pamba; India, labda, aliwaza. Au Misri. Akacheka.

"Unacheka na nani humo, mwanangu?" Mama Shida, mwenye nyumba, aliuliza mlangoni.

"Na kazi, mama."

"Kazi gani ya kuchekesha! Si umsalimie hata mwalimu Ngeleja, chumba cha pili hapo? Rika lako yule."

"Miezi minane hajanikaribisha. Kwetu mwenyeji ndiye huanza."

"Huku anaanza anayekuja."

"Basi tutakaa hivyohivyo."

Mama Shida aliitazama barua ya uhamisho mezani, ikisubiri saini, akaondoka akitikisa kichwa.

Tumsifu aliijaza kumbukumbu yote sifuri, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kuandika chochote ndani yake. Akatuma.

Jioni likaja jibu: "Sasa ni safi. Imepokelewa."

Alisimama katikati ya chumba. Hakuwa na wa kumwambia. Akaketi tena, akaandika: "Asante. Wewe ndiye mtu pekee ninayezungumza naye. Leo nasaini kuhama mji huu."

Jibu likaja:

"Usisaini haraka. Mimi nina jirani, tunapakana ukuta mmoja tangu Februari, kila mmoja anangoja asalimiwe. Sasa mwenye nyumba ananiambia jirani huyo anahama. Laiti ningeanza mimi."

Tumsifu aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kisha, badala ya Kiingereza, akaandika salamu ya jioni ambayo Wasukuma walikuwa wakimpa kila siku sokoni: "Mwadila."

Akabonyeza kutuma. Ng'ambo ya ukuta, kiti kikaanguka.