Chini ya Chupa ya Chai

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Ernesta aliwachemshia walimu wenzake chai. Leo alipoinua chupa ya chai mezani kwa mwalimu mkuu, chini yake aliiona barua yake ya kuomba uhamisho kutoka Kibondo kwenda Kasulu, alikomwacha mwanawe kwa bibi yake. Kwa miezi minane mkuu alimwambia wilayani hawajajibu.

Haikuwa hata na sahihi ya mkuu. Duara la chai lilikuwa limefuta nusu ya jina lake.

“Aa, binti yangu,” mkuu alicheka, “ukienda, nani atatupikia chai?”

Ofisi nzima ikacheka. Ernesta, ambaye hajawahi kupandisha sauti, aliipigiza kalamu mezani.

“Umenidanganya, Mwalimu. Mwanangu ananiita shangazi. Weka sahihi, nikiona.”